Mama Anakuja, na Tiketi ya Thieta Nimeshalipa

Somo, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi South B hapa Nairobi. Kwetu ni Voi. Safu yako huwa naisoma kwenye matatu nikirudi nyumbani, nacheka shida za watu. Leo zamu yangu, wacha na wao wacheke.

Kila Desemba mimi na wenzangu watatu wa ofisini tuna mazoea yetu. Ijumaa mbili au tatu kabla ya Krismasi tukitoka kazini tunatafuta mahali tunakula, kisha tunakwenda kutazama mchezo wa kuigiza, mara Kenya National Theatre, mara Alliance Française. Mimi si mtu wa klabu, pombe sinywi, na saluni huenda kwa mwezi mara moja. Starehe yangu ya mwaka mzima ni hiyo. Taa za ukumbi zikizimwa nasahau karo, nasahau bosi, na rundo la nguo za kupiga pasi nalisahau pia.

Mwaka jana mama alikuja kukaa nasi kabla ya Krismasi, nikaona si vizuri kumwacha nyumbani, nikamkatia tiketi twende naye. Mchezo ulikuwa wa kuchekesha, mhusika mkuu ni mchungaji mwenye mambo yake. Ikafika mahali mchungaji anatoka chumbani kwa mke wa mzee wa kanisa, ananyata, viatu kavishika mkononi. Ukumbi kimya. Mama, ambaye ni Muanglikana wa kufika kanisani kabla ya kengele, alikuwa amepakata mkoba wake magotini. Akapaza sauti: "Wewe mchungaji, na Biblia umemwachia nani?"

Somo, watu waliangua kicheko ambacho hawakucheka usiku kucha. Yule mwigizaji alisimama, akajipapasa mifuko, akageuka akarudi chumbani kuichukua. Makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nilimfinya mama mkono nikamwambia, "Mama, hapa watu hawasemi." Hakusema tena mpaka mwisho. Kwenye matatu hakusema. Kesho yake akadai tumbo linamsumbua, na kila nilipomwambia tutoke akawa hana nguvu.

Tulipata kumtoa siku moja tu. Tulimpeleka kuona watoto wa tembo kule mbuga ya Nairobi, nikalipia watu watano. Aliwatazama wakinyonya chupa, akasema, "Nimesafiri kutwa nzima kuja kuwaona walionimalizia mahindi."

Sasa anakuja tena. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli hapo Voi, na mama hakubali usafiri mwingine ila treni. Atashuka Syokimau Alhamisi, na Ijumaa yake ndiyo nina tiketi, nimeshailipa. Juzi kwenye simu aliniambia: "Nakuja, lakini msinizungushe." Baba Watoto, ambaye ni wa Wundanyi na hana neno na mtu, anasema nimwachie yaya mama, mimi niende zangu. Kaka yangu aliye Mombasa anasema nikienda thieta mama akiwa nyumbani basi nimekuwa mzungu. Huyo kaka naye anakuja tarehe 15 na mkewe na watoto watatu, nyumba yangu ni ya vyumba viwili, na watoto wameshaambiwa "shangazi atawatembeza Nairobi yote". Mwaka jana kwa kutembeza watu nilifika Januari nikakopa kwenye chama ndipo karo ikalipwa. Tarehe 21 tunapanda treni wote kwenda kula Krismasi Voi.

Nifanye nini, Somo? Nirudishe tiketi? Na mama nimpeleke wapi asichoke?

Binti wa Voi, South B

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Ya pili nilipofika pale ulipomfinya mama mkono, nikaweka miwani chini.

Wewe unaamini mamako alikasirishwa na mchungaji wa uongo. Haiwezekani. Mtu aliyekasirika haulizi Biblia iko wapi, anachukua mkoba wake anaondoka. Mamako usiku ule alikuwa amefurahi kuliko mtu yeyote ukumbini, ameingia mchezoni miguu yote miwili, na mwigizaji akamjibu kwa kitendo mbele ya watu wote. Waigizaji wa kuchekesha huombea watazamaji kama yeye. Halafu mwanawe wa kumzaa akamfinya kama mtoto anayecheza ibadani. Hilo tumbo la kesho yake mimi nalijua, hata mimi limewahi kunishika, na dawa yake haiuzwi dukani.

Kwetu sisi hadithi haisimuliwi kwa watu waliofunga midomo. Bibi yangu pale Kibokoni akisema "Paukwa" na sisi tukachelewa kusema "Pakawa", alikuwa anasimama anakwenda kulala, kesho tukome. Kukaa kimya kulikuwa ndio utovu wa adabu. Mamako alipewa Paukwa yake na yule mchungaji mwenye viatu mkononi, akaitikia. Huo si ushamba. Na kama ni ushamba, basi ukumbi wa Kenya National Theatre umeujua zamani. Ulifunguliwa mwaka 1952, enzi za mkoloni, ukitazamana na hoteli ya Norfolk, na walioujenga walitaka watu wakae wima wapige makofi kwa adabu. Mwaka 1976 ukachezwa humo mchezo wa kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeutunga pamoja na Mĩcere Mũgo, amesimulia jinsi mchezo ulipokwisha watazamaji walivyojiunga na waigizaji wakatoka nao nje wakiimba na kucheza mpaka barabarani. Mbele ya hao, swali moja la Biblia ni jambo dogo.

Sikatai, ipo michezo inayotaka utulivu, mtu akikohoa tu anaharibu. Lakini hilo mzazi anaambiwa nyumbani, wakati wa chai, kwa lugha nzuri: "Mama, leo ni ule wa kusikiliza." Haambiwi gizani kwa kucha.

Kwa hiyo kabla ya tiketi, ratiba na kaka yako, una neno la kumwambia. Usiliseme kwa simu, akisikia mtandao ukikatika atajua unaogopa. Mngoje hapo Syokimau, mpokee mzigo, na kama namjua mzazi anayetoka upande huo utakuwa na ndizi na viazi vya kutosha mtaa mzima. Mkiwa jikoni mnamenya hivyo viazi, mwambie: "Mama, mwaka jana nilikosea. Nilikufinya na wewe ulikuwa umewachekesha watu wote." Usiongeze kitu. Usieleze kwamba ulikuwa umechoka na kazi. Yeye atajifanya hakumbuki. Anakumbuka.

Sasa hiyo Ijumaa. Nenda. Tiketi umelipa, wenzako wanakungoja, na mtu anayefanya kazi mwaka mzima ana haki ya jioni mbili tatu. Uzungu haumo humo. Kaka yako akitazama mpira na wenzake Mombasa mama akiwa nyumbani kwake, hakuna anayemwambia amebadili kabila. Ila usimtangazie mama habari hiyo Ijumaa magharibi umeshapaka wanja. Mwambie kabla hajapanda treni: "Mama, Ijumaa jioni nina miadi na wenzangu wa kazini, nitarudi kabla ya saa nne. Jumamosi yote ni yako." Akijua mapema atapanga kulala mapema, na baada ya safari hiyo ndilo atakalolitaka.

Kuhusu kumwachia yaya, hapo mumeo amepotea njia. Yaya ni wa watoto. Mama mkwe aliyefika jana anakaa na mkwewe, wanakula pamoja, wanaulizana habari za Wundanyi, nani kafa, nani kajenga, mvua imenyesha wapi. Mwambie Baba Watoto Ijumaa hiyo arudi mapema na mkate mkononi. Hana neno na mtu, umesema mwenyewe, basi ataweza.

Na thieta mama aende tena? Muulize, usimnunulie kwanza ukaja na tiketi kama zawadi, maana zawadi haikataliki na hapo ndipo wazee wanapopata matumbo. Akikubali, msimpeleke usiku. Vikundi vingi vya Nairobi vikicheza wikendi huwa na onyesho la alasiri, saa tisa, na mkitoka bado kuna mwanga na matatu hazijapandisha nauli. Ukipiga simu ya kuulizia tiketi uliza waziwazi kama mchezo una matusi, wao wameshazoea swali hilo na watakuambia ukweli. Mkatie kiti cha pembeni karibu na njia, magoti yake yapate nafasi na asirukwe na wanaochelewa, kwa sababu Nairobi watu huchelewa hata kwenye mchezo waliouandika wao. Na akitaka kumjibu mwigizaji, mkono wako uwe mfukoni.

Mchezo usipompendeza, kuna nyimbo. Mie si Mkristo, lakini nilipokuwa nikifanya kazi huko Nairobi jirani yangu alinipeleka ibada ya nyimbo za Krismasi All Saints' Cathedral, lile kanisa la mawe karibu na Uhuru Park, na hadi leo nikisikia kwaya ya sauti nne nasimama. Muanglikana wa kuwahi kengele pale ataimba, atasimama na kukaa kwa wakati wake, na hakuna atakayemwambia hapa watu hawasemi. Uliza tarehe mapema, ufike mapema zaidi. Viti hujaa.

Nije kwenye "msinizungushe". Neno hilo limekutisha, na mimi nimeliona kama mlango uliofunguliwa. Hajasema msinitoe. Amesema msinizungushe, kama mzigo. Mama yangu alipokuja Nairobi mara ya kwanza nilimpandisha jengo la KICC mpaka juu kabisa, nikamwonyesha mji wote, Ngong kule, uwanja wa ndege kule. Akatazama, akasema kuzuri, akauliza choo kiko wapi. Tuliporudi kwangu akafungua kabati la jikoni, akatoa sufuria moja moja, akazigeuza akatazama matako yake kama nazisugua. Kisha akaniuliza jirani gani atakayenipeleka hospitali nikiugua usiku, akataka kumwona. Tukaenda tukagonga mlango wa jirani. Hiyo ndiyo safari aliyoisimulia Mombasa kwa mwaka mzima.

Wewe umeandika jambo moja kwa haraka, kwenye sentensi ya treni, ukalipita. Baba alikuwa fundi wa reli. Na mama hapandi kingine ila treni. Mwanangu, hukuona? Nyuma ya stesheni kuu ya Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yapo tangu mwaka 1971. Pale uani kuna injini za mvuke zimesimama, zikiwemo zile kubwa za Garratt za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilitengenezwa Uingereza miaka ya 1950, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na njia hiyo haina namna ila kupita Voi. Moja wapo, Mount Gelai, iko hapo hapo, unapanda unashika vyuma. Baba yako huenda alizitia mikono, na kama ni mdogo kwa hizo basi alizisikia akiwa mtoto, usiku, zikipanda mlima. Mama anaweza kukueleza. Mpeleke siku isiyo na haraka, chukua chupa ya chai, tafuta kivuli, halafu uliza swali moja tu, "Baba alikuwa anafanya nini hasa?", unyamaze.

Ndani kuna behewa ambalo simba alimtoa afisa wa polisi aitwaye Ryall mwaka 1900, pale Kima, alipolala akimvizia huyo simba. Hilo mpe mpwa wako mkubwa alisimulie, watoto wa kiume hupenda kitu kama hicho. Mama mwenyewe ametoka Tsavo, simba hawamtishi.

Tumefika kwa kaka.

Huyo kwanza apigiwe simu wiki hii, si tarehe 14. Na apigiwe na wewe, asipigiwe na mumeo. Mwambie hivi, na usilainishe: "Kaka, karibuni. Kulala na kula ni juu yangu. Viingilio na nauli za kutembea kila mtu na za wanawe. Watu tutakuwa kumi na yaya, watoto watalala sebuleni kwenye magodoro, leteni shuka." Atanung'unika. Mkewe atakushukuru kimyakimya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaona aibu kukufikia na midomo mitano bila kitu mkononi. Muulize pia treni ya tarehe 21 nani anakata. Tiketi za wiki ya Krismasi huisha mapema, na msipowahi mtajikuta mnapigania basi Mombasa Road na nauli iliyopanda, mama akiwa amenuna kwa haki yake.

Hao watoto wa Mombasa hawahitaji Nairobi yote. Mtoto wa pwani akivaa sweta asubuhi tu ameshafika ughaibuni. Siku moja ya makumbusho ya taifa pale Museum Hill inatosha, waione sanamu ya Ahmed, yule tembo wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970 kwa ajili ya pembe zake. Siku nyingine waende bustani ya miti ya Arboretum na mpira, chapati na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani. Ukijumlisha siku ya reli na bibi yao, ni siku tatu, na zilizobaki wacheze uani na watoto wako, ambao ndio waliowafuata. Kila utakapoingia mahali pa kununua vitu juu ya kiingilio, kumbuka unawazidisha kwa watoto watano. Aiskrimu moja si moja.

Na karo? Ilipe sasa. Hela ikishaingia akaunti ya shule haiwezi kurudi kununua viazi karai, hata kaka akiomba vipi. Ifanye kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi, uone itakayobaki, na hiyo ndiyo Desemba yako. Kama itakayobaki inatosha Ijumaa moja ya thieta badala ya tatu, basi wenzako watakusimulia hizo mbili, na ninyi wanawake wa ofisini mnavyosimulia, utakuwa kama uliyekuwepo.

Jambo la mwisho ni la wale tembo. Wale watoto uliolipia watu watano kuwatazama wakinyonya chupa, hawakai Nairobi maisha. Wakikua kidogo baadhi yao hupelekwa Tsavo Mashariki, kituo cha Voi, wafundishwe kuishi porini. Yaani ulimlipia mama kiingilio aone jirani zake wakiwa bado wadogo. Mwaka huu waacheni. Atawakuta nyumbani.

Somo